Kumbe tramu zilishafika Zanzibar na Mombasa!



Juzi jamaa mmoja kwenye kompyuta ya jirani yangu alikuwa anaangalia video ya jiji la Lisbon, kule Ureno. Kibehewa cha njano kinapanda mlima katikati ya nyumba, reli zimezama barabarani, watu wanakatiza mbele yake kama wanavyokatiza mbele ya bajaji. Akauliza, "Sasa hii ni treni au basi?" Mwenzake akajibu kwa kujiamini kabisa, "Hiyo tramu. Mambo ya Ulaya hayo, huku kwetu hayajawahi kufika."

Nilinyamaza, lakini nikasema moyoni hii lazima niiandike. Yalifika bwana, tena mapema kuliko wengi tunavyodhani.

Kwanza tuelewane. Tramu ni gari la abiria linalopita juu ya reli ndani ya mji, barabara hiyohiyo ya watu na magari, likisimama kituo kwa kituo kama daladala. Siri yake ni chuma kuteleza juu ya chuma. Wenye mikokoteni ya ng'ombe hapa kwetu mnaijua shida: msimu wa mvua, barabara ya udongo, umepakia pamba, ng'ombe wawili wanahema mpaka unawaonea huruma. Sasa chukua mzigo huohuo uweke juu ya magurudumu ya chuma yanayopita kwenye reli. Mnyama yuleyule atavuta mara kadhaa ya alichokuwa anavuta. Ndiyo maana tramu za mwanzo hazikuwa na injini yoyote, zilivutwa na farasi. Abiria wa kwanza kubebwa hivyo kwa nauli walikuwa wa Swansea, Wales, mwaka 1807. Umeme ulikuja baadaye: kampuni ya Mjerumani Werner von Siemens ilianzisha tramu ya umeme huko Lichterfelde, nje kidogo ya Berlin, mwaka 1881.

Shika huo mwaka 1881, halafu twende Zanzibar.

Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa mtu wa kupenda vitu vipya. Ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib. Mwishoni mwa miaka ya 1870 alitandika reli nyembamba kutoka mjini hadi kwenye kasri lake la Chukwani, upande wa kusini, kama kilomita 11 hivi. Juu ya reli hiyo yalipita mabehewa mawili ya kifahari, na yaliyavutwa na nyumbu. Watu wa Simiyu msicheke! Najua sisi tukisikia nyumbu akili inakwenda Serengeti moja kwa moja. Huyu ni nyumbu yule mwingine, mtoto wa punda dume na farasi jike, mnyama wa kazi. Kisha mwaka 1881, mwaka uleule Berlin wanawasha tramu ya umeme, Sultani akaagiza injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Nyumbu wakapumzika.

Lakini jiulize, reli hiyo ilikuwa inakwenda wapi? Ilikwenda kasrini. Mvuvi wa Malindi au mchukuzi wa forodhani asingekuwa na shughuli nayo. Barghash alipofariki mwaka 1888, mwenye safari akawa hayupo. Reli ikang'olewa, injini ikawa chuma chakavu. Haikupata hata kuzeeka.

Mombasa nayo ina kisa chake, na mimi hicho ndicho kilichonikaa kichwani zaidi. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, ilianza kujenga reli nyembamba ya kwenda bara. Ilitandika maili chache tu, mambo yakakwama. (Reli ya kweli ya Uganda ilianza baadaye, mwaka 1896, na yenyewe ni pana zaidi.) Sasa vyuma vipo, vimeshavuka bahari, utavifanyia nini? Wakavihamishia kisiwani Mombasa, wakatandika njia kutoka mji wa kale hadi Kilindini, zenye matawi ya kwenda kwenye nyumba za wakubwa.

Juu ya njia hizo yalipita matoroli. Usifikirie toroli la saruji. Hili lilikuwa jukwaa dogo lenye magurudumu manne, juu yake benchi la kukalia watu wawili hivi, na kitambaa cha kuzuia jua. Injini? Hamna. Farasi? Hamna. Injini ilikuwa ni wanaume wa Mombasa, wawili au zaidi, wanasukuma kwa nyuma. Kwenye mwinuko wanatoa jasho, kwenye mteremko wanadandia na wao, chombo kinateleza chenyewe. Afisa amekaa mbele kavaa nguo nyeupe na kofia kubwa, huku nyuma wenzetu wanakimbia pekupeku juani. Tafuta picha mtandaoni, zipo za kumwaga, maana wazungu walizifanya hadi kadi za posta. Wao waliona ni kitu cha kupendeza.

Matoroli hayo yalidumu miaka mingi. Yaliisha mwanzoni mwa miaka ya 1920, na sababu yake siyo kwamba mtu aliwahurumia wasukumaji. Magari ya petroli yaliingia, wakubwa wakahamia huko, vyuma vikaondolewa. Aliyekuwa anasukuma hakuhamia kwenye gari. Huyo alirudi kutembea.

Turudi Unguja, maana kuna ya tatu, na hii angalau watu wa kawaida waliipanda. Mwaka 1904 kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ya New York ilianza kujenga reli ya kilomita 11 hivi kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, kaskazini. Mwaka 1905 ikaanza kazi. Kwa haki lilikuwa gari moshi, siyo tramu, lakini lilipita kama tramu, ndani ya mitaa myembamba ya Mji Mkongwe, karibu kugusa kuta. Ukiwa umekaa barazani kwako unanyanyua miguu! Injini ilitema cheche, na wenye mashamba kando ya njia walilalamika mazao yao kuungua. Lakini watu waliingia na kutoka mjini kwa gari hilo.

Kuna hadithi kwamba jina Bububu lilitokana na mlio wa gari hilo, bu-bu-bu. Ni tamu, ila haiwezekani. Binti Salme, dada yake Barghash, alikimbia Zanzibar mwaka 1866, na katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1886 anaitaja Bububu kwa jina hilohilo. Gari bado miaka 19 lifike! Wengine wanasema jina ni mlio wa chemchemi za pale, na hilo linaingia akilini zaidi.

Serikali ya Zanzibar iliinunua reli hiyo mwaka 1911. Barabara zilipotengenezwa vizuri magari yakachukua abiria, na mwaka 1922 usafiri wa abiria ukasimama. Ikabaki kubeba mawe ya kazi za bandari, na kabla muongo haujaisha ikafungwa.

Sasa msije mkasema ni sisi tu tulioshindwa. Ulaya nao waling'oa. London ilizima tramu yake ya mwisho Julai 1952, na Paris ilikuwa imeshamaliza kazi hiyo miaka ya 1930. Maelezo yalikuwa kwamba tramu zinaziba njia ya magari. Magari yakapewa barabara yote, na miaka ikapita, kumbe magari ndiyo yaliyojiziba yenyewe. Nantes, Ufaransa, ikarudisha tramu mwaka 1985, Grenoble ikafuata 1987, Manchester ya Uingereza na Paris 1992. Na kurudisha siyo bei ya kung'oa, maana unaanza kuchimba upya mji ulioshajengwa.

Miji kama Vienna, Zürich na Amsterdam haikung'oa. Mimi naona tofauti ipo hapa: kule mfanyakazi wa kiwandani, mwanafunzi na bibi anayetoka sokoni wote walikuwa wanaipanda kila siku. Ukitaka kuiondoa unagombana na mji mzima. Ya Barghash ungegombana na nani, wakati mwenyewe kashazikwa?

Tofauti nyingine ni njia. Tramu mpya za Ulaya nyingi zimetengewa njia yao, gari haliruhusiwi kuingia. Hiyo ndiyo akili iliyoko nyuma ya mwendokasi wa Dar, ulioanza Mei 2016, ingawa ule ni basi lenye matairi. Addis Ababa wao walikwenda mpaka mwisho, wakafungua reli ya umeme ya mjini Septemba 2015, zaidi ya kilomita 30, kwa mkopo wa China. Watu waliijaza. Ila kufikia mwaka 2023 nyingi kati ya treni zake 41 zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Kwa hiyo abiria pekee hawatoshi, lazima na fundi awe na spea.

Najua mtaniuliza Simiyu inahusikaje. Bariadi haihitaji tramu, bodaboda zinatosha kuzunguka mji mzima kabla chai haijapoa. Lakini reli tunayo. Malampaka, wilaya ya Maswa, ipo kwenye njia ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika mwaka 1928, na pamba ya Usukuma imesafiri sana kwa njia hiyo. Tangu 2021 inajengwa na ile mpya ya kisasa kutoka Mwanza hadi Isaka, nayo inapita upande huo wa Maswa. Swali langu kwa wahusika ni dogo: siku treni hiyo ikianza, mama wa Bariadi mwenye vikapu vyake viwili atafikaje stesheni, kwa usafiri gani, kwa nauli gani na saa ngapi? Hilo lipangwe sasa hivi wakati vyuma bado vinatandikwa.

Na kama una babu au bibi aliyewahi kupandia treni Malampaka enzi za pamba, muulize tiketi ilikuwa shilingi ngapi na walikuwa wanafika pale kwa nini, kwa miguu au kwa lori. Halafu njoo utuandikie hapa chini.