Acheni Kununua Wati

"Fundi, hii ina wati ngapi?" Ndilo swali la kwanza ninaloulizwa, na mara nyingi ndilo pekee. Mtu amedunduliza fedha zake, anataka filamu zisikike vizuri sebuleni, anapiga simu akiwa kaunta ya duka Kariakoo, au Luthuli kule Nairobi, na kati ya yote ambayo angeweza kuuliza anauliza hilo. Baada ya muda anapiga tena. Madirisha yanatetemeka, majirani wamelalamika, lakini maneno ya waigizaji hayasikiki. Je, anunue yenye wati nyingi zaidi? Hapana. Nimeshalijibu swali hili kwa mtu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo leo nalijibu kwa wote.

Ile namba kubwa kwenye katoni, PMPO 8,000W, 12,000W au 15,000W, si kipimo. Inadaiwa kuwa nguvu ya juu kabisa ambayo mashine inaweza kuitoa kwa mpigo mmoja wa muziki. Mpigo huo ni wa muda gani? Kwenye spika ya omu ngapi? Sauti ikiwa imeharibika kiasi gani? Hakuna kiwango kinacholazimisha majibu ya maswali hayo, kwa hiyo kila anayechapisha katoni huchapisha namba inayomfaa. Ndiyo maana utakuta hom thieta ya bei ya chini kabisa ina namba kubwa kuliko risiva ya maana inayouzwa mara kumi ya bei yake, na mnunuzi anatoka dukani akiamini amewapiga bao wote.

Fanya hesabu ya soketi mwenyewe. Plagi yetu ya miguu mitatu, ile ya Kiingereza, ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha kwa volti 230 unapata wati 2,990. Hizo ndizo zote unazoweza kuzivuta kwenye soketi moja kwa usalama, na zinatosha kuchemsha birika la umeme kwa dakika chache. Mashine ya kweli ya wati 15,000 ingevuta ampea 65 hivi. Fyuzi ingekatika mara moja, na waya wake ungepaswa kuwa mnene kama kidole, siyo huu mwembamba inaokuja nao.

Kisha igeuze mashine. Pale waya wa umeme unapoingilia pana kibandiko kidogo ambacho watu hawakisomi. Juzi nimewekewa mezani mashine moja ambayo katoni yake ilisema 12,000W. Mgongoni, kwa herufi ndogo, iliandikwa AC 220–240V, 50Hz, 60W. Kibandiko hicho nacho hakisemi yote, maana hupimwa mashine ikifanya kazi ya wastani, na kondensa zilizomo ndani huweza kutoa mpigo mfupi unaozidi hapo. Lakini hakuna kondensa inayoigeuza 60 kuwa 12,000. Hiyo ni mara mia mbili. Mzazi aliyelipa fedha hizo kwa ajili ya familia yake ameuziwa wino, na mimi hilo linaniuma kila ninapoliona.

Wamarekani walishakutana na balaa hili zamani. Wauzaji wa amplifaya walishindana kutia chumvi hadi mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho ikaweka kanuni: anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani ataje nguvu inayotoka mfululizo, kwenye omu ngapi, kati ya masafa gani, na kwa upotoshaji wa asilimia ngapi. Mwaka 2024 kanuni hiyo ikakazwa ili wote wapime kwa masharti yale yale. Masharti hayo unaweza kuyadai wewe mwenyewe ukiwa kaunta. Muuzaji akishindwa kukuonyesha karatasi yenye hayo, rudisha pochi mfukoni.

Na ukiipata karatasi, isome yote, kwa sababu hata kampuni zenye heshima zina namba ya kujivunia na namba ya kazi. Risiva moja inaweza kuandikiwa mistari miwili. Wa kwanza: wati 80, omu 8, hezi 20 hadi kilohezi 20, THD (yaani upotoshaji) 0.08%, chaneli mbili. Wa pili: wati 150, omu 6, kilohezi 1, THD 10%, chaneli moja. Yote miwili ni kweli. Lakini ule wa pili umepimwa kwa mlio mmoja tu, spika moja tu, na sauti ikiwa imeshachanika kiasi ambacho mtu yeyote angeinuka kuipunguza. Linganisha risiva kwa mstari wa kwanza. Hata huo ni wa chaneli mbili. Chaneli zote tano za filamu zikidai nguvu kwa pamoja, kila moja hupata pungufu, kwa kuwa zinagawana transfoma moja.

Sasa sikio lenyewe. Kutoka wati 50 hadi 100 umeongeza desibeli 3 tu: tofauti unaisikia, ila ni ndogo. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Spika ya kawaida hutoa desibeli 88 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Ukikaa mita tatu, kwenye sebule iliyofungwa, wati hiyo moja bado inakufikishia karibu desibeli 80, na hapo ukitaka kusema na aliyekaa pembeni yako kwenye kochi itabidi upaze sauti. Kwa hiyo anayetaka kuzidisha wati 80 ziwe 160 angeweza kuacha risiva yake ilivyo, akatafuta spika zenye desibeli 91 badala ya 88. Matokeo ni yale yale. Unyeti wa spika umeandikwa kwenye karatasi yake, na sijawahi kuulizwa dukani hata na mtu mmoja.

Turudi kwa waigizaji wasiosikika. Katika mfumo wa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, karibu maneno yote ya filamu hutoka kwenye spika ya katikati. Yasiposikika, kwanza tazama kama spika hiyo inapewa kitu. Mara nyingi runinga imewekwa itoe PCM, na runinga nyingi kwa mpangilio huo hutoa chaneli mbili tu. Risiva inabaki kubahatisha nyingine. Pili, tazama ilipo: imesukumwa ndani ya kabati, inaelekea magotini. Ivute hadi ukingo wa rafu na uinamishe juu kidogo kuelekea masikioni. Tatu, chumba. Marumaru sakafuni, ukuta wa tofali uliopigwa plasta, pazia jepesi: piga kofi moja katikati ya sebule usikilize linavyorudi. Neno la mwigizaji linarudi vivyo hivyo juu ya neno linalofuata, na ukiongeza wati unaongeza na mwangwi wake. Zulia nene kati ya kochi na spika, na pazia zito, vitafanya ambacho wati 1,000 haziwezi. Na ile tabia ya kupandisha besi na trebo hadi juu na kuacha katikati chini, iacheni. Sauti ya binadamu imekaa katikati huko huko mlikokushusha.

Kununua, basi, kwa haraka. Chaneli tano za kweli zinawatosha wengi. Saba kwenye chumba cha mita nne kwa nne ni kujaza waya. Hesabu matundu ya HDMI unayohitaji, uongeze moja. ARC, inayorudisha sauti ya runinga kwenye risiva kupitia HDMI, iwepo; eARC, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, ukiweza. Hakikisha risiva ina maikrofoni ya kupimia chumba, iwe Audyssey, YPAO, MCACC au Dirac. Isiyo nayo iache. Fedha inayobaki iende kwenye spika.

Kuiweka sawa: kwenye runinga na king'amuzi chagua Bitstream au Auto, siyo PCM. Maikrofoni isimame kwenye stendi usawa wa masikio ya aliyekaa. Usiishike mkononi, zima panga boi, watoto watoke nje. Risiva ikimaliza kupima, kagua. Ikiwa imeziita spika zako ndogo Large, ziweke Small na krosova hezi 80, ili besi nzito iende kwenye sabufa. Ikisema sabufa iko mita tano na futi kamba yako inasema tatu, usiisahihishe; imehesabu na ucheleweshaji wa saketi za sabufa. Spika ya katikati iongeze desibeli 2 au 3. Usiku washa hali ya kubana milipuko, ili usikimbilie rimoti kila bomu linapolipuka. Besi ikiguruma nota moja tu, tatizo ni mahali: chumba cha mita nne hujikusanyia sauti karibu na hezi 43. Weka sabufa kwenye kiti chako, cheza wimbo wenye besi, kisha tambaa kando ya ukuta ukisikiliza. Inaposikika nyoofu, ndipo pa kuihamishia.

Ukiletewa risiva na ndugu aliye Marekani, soma mgongoni kabla ya kuchomeka. Iliyoandikwa AC 120V peke yake itaungua kwenye soketi yetu. Itafutie transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi matumizi yake. Na kile kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu ya risiva kiondoe leo. Matundu yale ndiyo yanayotoa joto, yanahitaji sentimita kumi za wazi juu yake, na wala ua la plastiki lisikae hapo.