Deni Limezidi Mtaji: Kufilisika Kisheria Siyo Kufutiwa

Wafanyabiashara wenzangu wa mtandaoni, leo tuongee jambo ambalo wengi tunalificha hata nyumbani.

Chukua mfano wa dada anayeuza madera Mikumi. Mzigo anaagiza Kariakoo, basi la Iringa au Mbeya linamshushia barabarani, anaposti status, wateja wa Kilosa wanatumiwa. Mwezi mmoja mzigo ukadoda. Akakopa kwenye simu alipe kikundi, kisha akachukua kausha damu alipe simu. Sasa anadaiwa milioni 3 na ndani kuna madera ya laki 4. Hapo ndipo mtu anauliza: "Kwani nikitangaza nimefilisika, si madeni yanaisha?"

Sheria ipo kweli, Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, na mdaiwa mwenyewe anaruhusiwa kupeleka ombi Mahakama Kuu. Hata RITA tunayoijua kwa vyeti vya kuzaliwa, jina lake ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wengi hilo neno la katikati tunaliruka.

Ila sikiliza vizuri. Ombi likikubaliwa, unaanika kila mali na kila deni, mali zinatoka mikononi mwako ili wadai wagawane, na jina lako linatoka kwenye Gazeti la Serikali. Madeni hayafutiki siku hiyo. Unasubiri mahakama ikupe amri ya kuachiliwa, na inaweza kukataa au kukuwekea masharti. Kabla ya hapo, ukikopa zaidi ya kiwango kilichowekwa na sheria bila kumwambia mkopeshaji kwamba umefilisika, ni kosa la jinai.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi: mdhamini wako haachiwi. Wewe ukiachiliwa, mama jirani aliyekusainia bado anadaiwa. Kwa sisi tunaokopa kwa kudhaminiana kwenye vikundi, fikiria hapo.

Kwa deni la milioni 3, mimi nisingeenda mahakamani. Ningeacha kukopa kwanza, niandike madeni yote kwenye daftari, yenye dhamana na yenye mdhamini juu kabisa. Halafu niende kwa mkopeshaji kabla tarehe haijapita, niombe kupangiwa upya marejesho, na makubaliano yaandikwe.

Kagua pia leseni yake. BoT imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana. Kwa mkopo wa 500,000 hiyo ni 17,500 kwa mwezi. Ukitozwa laki, uliza. Novemba 2024 BoT ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Pesa uliyopokea siyo zawadi, lakini mtu akisambaza picha yako kwa namba zilizo kwenye simu yako, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake inapokea malalamiko.

Ukimaliza kulipa, usiondoke bila barua ya kumaliza deni. Itunze. Baadaye omba ripoti yako Creditinfo au Dun & Bradstreet, kampuni zinazotunza taarifa za wakopaji kwa leseni ya BoT. Kama deni ulilolipa bado linasoma, una haki ya kudai lirekebishwe, na barua ndiyo ushahidi wako. Mauzo nayo yapitishe kwenye Lipa Namba, siyo mkononi, ili siku ukiomba mkopo benki uwe na cha kuonyesha.

Halafu kuna yule tajiri wa Kariakoo anayekupa mali kauli. Huyo haangalii ripoti. Anachokumbuka ni kama ulipokea simu yake ulipokuwa umekwama. Mpigie leo, hata kama una elfu ishirini tu ya kuanzia.