Faili inakataa kuenda ku serva? Usinunue mega zingine mbele ya kusoma hii

Usiku, moto imerudi. Umemaliza kukata sauti ya mahojiano, sasa unataka kuituma ku serva ya redio ili ipite asubuhi. Unafungua FileZilla, unabonyeza, unangojea. Mwishowe yanatokea maandishi mekundu: koneksio imeshindikana. Unajaribu mara ya pili, mara ya ine. Mega zinaisha, na faili ingali mu ordinatere yako.

Wengi wetu tunasema: "Rezo iko mubaya." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi programu yenyewe imekwisha kuonyesha fasi shida iko, ila sisi hatusomi.

FTP njo njia ya zamani ya kutuma faili. Abhay Bhushan aliibuni mu mwaka 1971, wakati alikuwa mwanafunzi ku MIT, Marekani. Kanuni zake za sasa ziliandikwa mu 1985. Inatumia njia mbili: moja ya kuongea, yenye kupitia mulango namba 21, na ingine ya kubeba faili. Ni kama ku depo: mutu moja anasemezana na mulinzi ku mulango, mwingine anapitisha mifuko ku mulango wa nyuma. Kwa hiyo jiulize maswali matatu.

1. Je, serva imejibu?
Kama programu inasema muda umepita, hakuna aliyekujibu. Fungua kwanza ukurasa wowote wa intaneti. Ukifunguka, angalia kama jina la serva limeandikwa vizuri, tena kama antivirusi haizuie programu yako. Kama inasema koneksio imekataliwa, mara nyingi mashine iko, lakini ule mulango umefungwa. Hakikisha namba: 21 ni ya FTP, 22 ni ya SFTP. Na kama ulizoea kuandika anwani ya FTP mu Chrome ao Firefox, hizo ziliacha kuifungua tangu 2021. Unahitaji programu yake.

2. Je, imekutambua?
Namba 530 maana yake haujaingia: jina ao neno la siri si sawa. Angalia herufi kubwa, na nafasi tupu yenye kubakia ku mwisho wakati unakopi neno kutoka WhatsApp. Usijaribu mara kumi, juu serva zingine zinafungia mutu mwenye kukosea sana. Namba 421 inasema serva haiwezi kukupokea kwa sasa, mara nyingi juu koneksio zimekuwa mingi. Punguza, tuma faili moja moja.

3. Umeingia, lakini liste ya faili haionekane?
Hii njo shida ya watu wengi ku nyumba, na namba yake mara nyingi ni 425. Njia ya pili imefungwa. Mu modi ya aktifu, serva njo inarudi kukutafuta. Lakini wenye kutumia modemu ya simu wanagawana anwani moja na wateja wengine wengi, kwa hiyo serva haipate njia ya kufika kwako. Ingia mu mipango ya koneksio, chagua "Passif". Hapo ordinatere yako njo itafungua njia zote mbili.

Kama moto imekatika katikati, usianze upya. Programu ikikuuliza, chagua kuendelesha pale ulifikia. Tena punguza uzito: dakika moja ya sauti ya WAV, steryo, inabeba karibu mega 10. Ile ile mu MP3 ya 128 ni karibu mega 1. Mahojiano ya dakika kumi ni mega 100 ao mega 10, ni wewe kuchagua. Na usizime mashine mbele ya kuona namba 226: njo inasema faili imefika.

Kuko jambo lingine, na linapita mega. FTP ya kawaida inapitisha neno la siri na faili bila kuvifunika. Ku siber ao ku wifi ya wengine, mwenye ujuzi anaweza kuvisoma. Kama faili inabeba sauti ya mama aliyekimbia vita na aliyeomba jina lake lisitajwe, hiyo hatari ni yake kuliko yako. Uliza fundi wa serva kama anakubali SFTP. Akikubali, acha FTP kabisa.

Na siku utamupigia fundi simu, usimuambie tu "inakataa". Musomee ile namba. Kwa dakika mbili atajua mulango gani umefungwa.