Kuku akiingiwa na mabuu kidondani: Ufanye nini

KUKU wengi wanaofugwa nyuma ya nyumba katika mitaa ya Kisumu, kama vile Nyalenda, Manyatta, Obunga na Nyamasaria, huzurura mchana kutwa na kurudi jioni. Si ajabu basi kwamba mwenye kuku huenda asigundue kidonda hadi siku anaposikia harufu mbaya. Akimshika kuku huyo na kumpanua manyoya, anaona mabuu weupe wakijipindapinda ndani ya nyama.

Hali hii hutia kinyaa na hofu. Wengine hukimbilia kumchinja kuku huyo au kumuuza kabla hajafa. Wengine humwagia kidonda petroli, mafuta ya taa au dawa ya kuulia mbu. Hatua hizi zote zina hatari, na hatari hiyo haiishii kwa kuku peke yake. Mayai yake huliwa na watoto, nyama yake huliwa na jamaa nzima, na mikono inayomshika ndiyo inayosonga ugali. Ndiyo sababu jambo hili lina nafasi katika ukurasa wa afya ya binadamu.

Mabuu hutoka wapi?

Watu wengi huwaita funza, lakini tusichanganye mambo. Funza wanaoingia katika nyayo za watu ni aina ya viroboto. Mabuu wa kidondani ni watoto wa nzi, hasa yule mkubwa mwenye rangi ya kijani au samawati inayometameta. Nzi huyo huvutwa na harufu ya damu, usaha na kinyesi kibichi. Hutaga mayai mengi kwa mara moja, yakiwa yameshikamana juu ya manyoya au ukingoni mwa kidonda kama punje ndogo sana za mchele. Katika joto la hapa kwetu, mayai hayo huanguliwa kabla ya siku moja kwisha. Mabuu hula na kunenepa kwa siku chache, kisha huanguka, hujifukia udongoni na kugeuka nzi.

Wako wanaowalaumu wale wadudu wadogo wanaopaa juu ya Ziwa Victoria kama moshi na kujaa kwenye taa. Hao hawana hatia hapa. Wao hutaga mayai majini, na watoto wao hukulia humo humo. Wa kulaumiwa ni nzi wanaozaana katika takataka, mizoga na matumbo ya samaki. Kwa hivyo wakazi wa Dunga na fuo nyingine ambako samaki hupasuliwa na omena huanikwa wanapaswa kuwa waangalifu zaidi, hasa wakati wa mvua za Machi hadi Mei.

Mahali pa kutazama

Nzi hahitaji kidonda kikubwa. Tazama kwanza chini ya mkia. Kuku anayeharisha kwa sababu ya minyoo au ugonjwa mwingine huwa na manyoya yaliyogandamana kwa kinyesi, na ngozi iliyo chini yake huchubuka. Pili, tazama mgongoni na chini ya mabawa, mahali ambapo jogoo humkwaruza kuku kwa makucha anapompanda. Tatu, tafuta majeraha ya mbwa, paka, mwewe au mabati, na mahali alipodonolewa na wenzake.

Kuku aliyeingiwa na mabuu hujitenga, huning'iniza mabawa, hukataa chakula, na manyoya ya sehemu iliyoathirika huwa yamelowa na kunuka.

Jinsi ya kumtibu

Kanuni ya kutibu kidonda ni moja kwa mtu na kwa kuku: usafi kwanza, dawa baadaye. Dawa iliyopakwa juu ya uchafu na mabuu haina kazi.

Mtenge kuku huyo katika boksi au kikapu safi, mahali penye kivuli pasipofikiwa na nzi. Vaa glavu, au mfuko safi wa plastiki mkononi ikiwa huna glavu. Kata kwa makasi manyoya yanayozunguka kidonda, pamoja na yale yenye mayai ya nzi. Usiyang'oe, kwani utaongeza jeraha.

Chemsha maji, uyaache yawe vuguvugu, kisha tia chumvi kijiko kimoja cha chai, kisifurike, kwa kila nusu lita. Osha kidonda kwa maji mengi. Kama ni chini ya mkia, mkalishe kuku katika karai lenye maji hayo kwa dakika chache. Mabuu wengi watatoka. Waliosalia waondoe mmoja mmoja kwa kibanio kidogo, na uchunguze chini ya ngozi, maana hupenda kujificha katika vishimo. Watie katika maji moto yenye sabuni. Ukiwatupa chini, watakuwa nzi.

Kausha kidonda kwa kitambaa safi, kisha paka dawa ya ayodini iliyochanganywa na maji hadi ifanane na chai nyepesi. Rudia ukaguzi na usafi asubuhi na jioni, kwa sababu mayai uliyoyakosa huanguliwa baadaye. Mpe kuku maji safi na chakula kizuri. Usimrudishe kwa wenzake kabla kidonda hakijakauka, kwani kuku huvutwa na rangi nyekundu na watamdonoa.

Kama mabuu wamepenya hadi tumboni, au kuku hawezi tena kusimama, ni heri kumwondolea mateso. Asiliwe wala asiuzwe. Mzike katika shimo refu au umchome moto.

Yasiyofaa

Petroli, mafuta ya taa na oili chafu ya gari huunguza nyama iliyo hai. Dawa za kuulia mbu na kunguni hupenya kidondani na zinaweza kumuua kuku, au kubaki katika mayai na nyama.

Jambo lingine la hatari ni kufungua kapsuli za antibiotiki zilizobaki nyumbani na kunyunyiza unga wake kidondani au kuutia katika maji ya kunywa. Dawa hizo haziui mabuu. Zikitumiwa bila kipimo, hufunza bakteria kustahimili dawa, na masalio yake huingia katika mayai. Siku mtoto atakapougua, huenda dawa ile ile isimsaidie. Mnamo Novemba 2017 Shirika la Afya Duniani liliwahimiza wafugaji waache kuwapa wanyama wasio wagonjwa dawa hizi ili kuwanenepesha au kuwakinga. Ikiwa kidonda kina usaha au hakiponi, mwite daktari wa mifugo. Akitoa dawa yoyote, ya antibiotiki au ya kuua mabuu, mwulize ni siku ngapi mayai na nyama havipaswi kuliwa, na ufuate maagizo hayo.

Je, si kweli kwamba mabuu husafisha kidonda? Ni kweli kwa kiasi fulani. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, daktari Mmarekani William Baer aliona askari ambao vidonda vyao vilikuwa na mabuu na bado vilikuwa safi, na baadaye akatumia mabuu kutibu wagonjwa. Mwaka wa 2004 Marekani iliidhinisha mabuu ya tiba. Lakini hayo ni ya aina maalumu, yamekuzwa bila viini, na huwekwa na kuondolewa na wahudumu wa afya. Mabuu waliotoka jalalani huleta viini, na wengine hula hata nyama iliyo hai.

Kinga kwa kuku na kwa watu

Badilisha maranda ya bandani kila yanapolowa. Fukia matumbo ya samaki. Wape kuku dawa ya minyoo kwa ushauri wa afisa wa mifugo wa eneo lako. Jogoo mmoja awe na kuku wapatao 8 hadi 10, ili wachache wasipandwe kupita kiasi. Mara moja kwa juma, jioni kuku wakiwa wametulia, mshike kila mmoja na umtazame chini ya mkia na mabawa.

Baada ya kazi hiyo, nawa mikono kwa sabuni, kwani hata kuku mwenye afya huweza kubeba viini vya kuharisha. Ukikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha uulize kliniki kama unahitaji sindano ya pepopunda. Na ikiwa nyumbani kuna mzee au mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni, kifunikwe na kisafishwe kila siku. Nzi anayemfuata kuku hutaga pia katika kidonda cha mtu.