Kitunguu saumu katika chakula cha samaki: kinasaidia nini, na hakisaidii nini



Wiki hizi watu wengi wenye mabwawa wamekuja kuniuliza swali moja: ni majani gani tutie katika chakula ili samaki wasife? Wengine wamesikia kitunguu saumu, wengine mlonge, wengine mwarobaini. Swali ni la maana. Tangu mwaka 2023, mgao wa chakula ulipopunguzwa katika makambi mengi ya nchi hizi, bwawa la kikundi limekuwa mboga ya watoto na pesa ya sabuni. Samaki wakifa, kinachopotea ni kazi ya miezi sita na deni linabaki.

Kwanza nitaeleza kosa letu wenyewe. Mwaka jana tuliona tilapia watano wenye vidonda vyekundu ubavuni. Mwenzetu mmoja alisema mwarobaini unatibu kila kitu, na mimi ndiye niliyekubali. Tulitwanga majani ndoo nzima tukamwaga bwawani jioni, wakati maji yalikuwa yamepungua kwa kiangazi. Asubuhi bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki. Vidonda vilikuwa vimeshika samaki watano tu. Wale wengine tuliwaua sisi. Mwarobaini ukizidi ndani ya maji ni sumu kwa samaki. Wazee kati yetu wanajua pia utupa, ule mmea ambao watu hutwanga na kutia mtoni ili samaki waelee. Huo nao ni mti wa shamba, tena wa kijani kama mingine. Kwa hiyo neno “dawa ya asili” lisitufanye tuache kuuliza kipimo.

Mimea hii inafanya kazi gani?

Samaki ana ulinzi wake mwilini. Ule ute unaoteleza ukimshika ni ukuta wake wa kwanza; ndani yake mna vitu vinavyovunja vijidudu. Ukuta wa pili ni damu yake, yenye chembe nyeupe zinazomeza vijidudu kama zetu. Kitunguu saumu, tangawizi na majani ya mpera, vikiliwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, huamsha ulinzi huo. Jambo hili limepimwa. Huko Scotland, mwaka 2009, watafiti walilisha samaki wa maji baridi chakula chenye kitunguu saumu kwa siku 14, gramu 5 au 10 kwa kila kilo ya chakula, kisha wakawatia ugonjwa wa vidonda. Waliokula kitunguu saumu walikufa wachache sana kuliko wasiokula. Misri, nchi inayofuga samaki wengi kuliko nyingine zote za Afrika, wamejaribu kwa tilapia kama hawa wetu, na Thailand mwaka 2008 walijaribu majani ya mpera kwa tilapia.

Angalieni mpango wa majaribio ya Scotland: samaki walikula kwanza, ugonjwa ukaja baadaye. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Samaki mgonjwa huacha kula. Ukitia kitunguu saumu katika chakula siku unapoona vidonda, watakaokula ni wazima, na mgonjwa atakaa pembeni bila kugusa kitu. Chakula hiki ni cha kumtayarisha samaki mzima. Sisi sasa tunakitoa kwa siku 14, kisha tunapumzika siku 14, na tunajitahidi zamu iangukie kabla ya siku ngumu: kabla ya kuvuta wavu na kuhamisha vifaranga, kabla mvua za kwanza hazijaleta maji machafu ya mlimani, na kabla ya miezi ya baridi.

Kipimo

Tuchukue bwawa la mita 10 kwa 20. Hilo ni mita za mraba 200. Ukiweka samaki 2 kwa kila mita, unao 400. Wakifika gramu 50 kila mmoja, wote pamoja ni kilo 20. Chakula chao cha siku ni sehemu 4 katika 100 ya uzito huo, yaani gramu 800. Kwa kipimo cha gramu 10 za kitunguu saumu katika kilo moja ya chakula, unahitaji gramu 8 kwa siku, karibu punje mbili kubwa. Kwa siku 14 ni vichwa viwili au vitatu. Mama mmoja aliniambia kwamba vichwa vitatu ni mboga ya wiki mbili nyumbani kwake, naye amesema kweli. Basi kila mwanakikundi alete punje chache, asiachiwe mmoja.

Menya punje, zitwange, kisha ziache dakika kumi. Msiruke hatua hii. Ndani ya punje nzima mna vitu viwili vilivyotengana. Ukitwanga vinakutana, na hapo ndipo inapotokea ile harufu kali inayopigana na vijidudu. Ukichemsha punje nzima nguvu hiyo haitokei, kwa sababu moto huua kimoja cha vile viwili. Baada ya dakika kumi, changanya na uji mwepesi wa muhogo uliopoa, kisha mimina juu ya chakula chako cha kawaida: pumba, mashudu, na unga wa dagaa kama umepata. Kanda, bonyeza vitonge vidogo, tandaza kivulini. Lisha siku hiyo au kesho yake. Ukikaa wiki, unalisha harufu tu.

Majani ya mlonge ni kitu tofauti kidogo, kwa sababu nayo ni chakula chenye kujenga mwili. Yakaushe kivulini, yatwange, lakini yasizidi kilo 1 katika kilo 10 za chakula. Yakizidi, samaki hushindwa kukua vizuri.

Kabla ya kutafuta majani, angalia maji

Nimeitwa mara nyingi alfajiri: “Njoo, samaki wanaumwa, wote wako juu wanafungua midomo!” Hao hawaumwi. Wamekosa hewa. Usiku majani madogo ya kijani yaliyo majini hutumia hewa badala ya kuitoa, ndiyo maana alfajiri ni saa mbaya kuliko zote. Zamisha mkono hadi kiwiko. Kama huoni kiganja chako, maji yamekuwa ya kijani mno: acha kutia mbolea, punguza chakula, ingiza maji mapya. Hakuna kitunguu kinachotibu kukosa hewa, wala hakuna kinachotibu samaki 1,000 waliosongamana mahali pa 400.

Ugonjwa wenyewe unaonekana hivi: vidonda vyekundu, mapezi yanayooza, tumbo kuvimba, macho kutokeza, au samaki kuogelea kwa kuzunguka kama mlevi. Ukiona haya, toa waliokufa kila siku na uwafukie mbali na maji, na usikopeshe wavu wako kwa bwawa lingine kabla ya kuukausha vizuri juani.

Na vidonge vya rangi mbili. Najua kuna watu wanaovifungua na kuchanganya ule unga na chakula cha samaki. Tafadhali acheni. Kwanza, dozi aliyopewa mtoto zahanati imekatwa nusu. Pili, vijidudu vya bwawani vinaizoea dawa ile, na siku mtoto atakapougua kidonda au kifua, dawa inaweza kukataa kufanya kazi. Tatu, samaki anayeuzwa sokoni kesho bado anayo dawa hiyo katika nyama.

Jumanne ijayo saa tatu asubuhi tutachanganya chakula pamoja kando ya bwawa la kikundi, karibu na kisima cha pili. Kila kikundi kilete kilo moja ya chakula, kichwa kimoja cha kitunguu saumu, kinu na beseni. Mwenye samaki wanaokufa sasa asingoje Jumanne. Aje leo ofisini na samaki mmoja aliye bado hai, ndani ya ndoo yenye maji ya bwawa lile lile.