Mwalimu kutoka angani, mbona mzito hivi?

Bila shaka umeshaiona ile katuni: chombo kinatua porini, jamaa mwenye kichwa kikubwa anashuka, anamnong'oneza sokwe siri fulani, na kesho yake sokwe kavaa suti. Inachekesha. Ila wapo wanaoamini kweli. Kitabu cha Erich von Däniken cha mwaka 1968, chenye hoja za namna hiyo, kiliuzwa mamilioni ya nakala.

Haya, tumpime huyo mwalimu kwa kazi ya wanafunzi wake. Huko Lomekwi, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, kuna mawe yaliyogongwa yakapasuliwa kuwa zana miaka milioni 3.3 iliyopita. Mashoka ya mkono, yaliyochongwa pande mbili, yanaonekana hukohuko Turkana miaka milioni 1.76 iliyopita. Piga hesabu: zaidi ya miaka milioni 1.5 kutoka jiwe la kupasua hadi shoka! Aliyeweza kuvuka nyota angefundisha kwa mwendo huo?

Huo ni mwendo wa kujifunza wenyewe: kugonga, kukosea, kumwiga mwenzako, kumrithisha mtoto. Basi katuni icheke tu. Ila ukimpa mgeni sifa, unawanyang'anya mababu zetu waliosota.