Presha ikishuka, usiache dawa

WAGONJWA wengi wa presha wakipimwa na kuambiwa imeshuka, huziweka dawa kabatini wakidhani wamepona. Hapo ndipo hatari inapoanza. Presha haina kelele. Mtu hulima, hupika na kucheka na wenzake huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiumia taratibu.

Marekani ililivalia njuga tatizo hilo mwaka 1972, ilipoanzisha mpango wa kitaifa wa elimu kuhusu shinikizo la juu la damu. Utafiti ulioongozwa na Dk. Edward Freis katika hospitali za maveterani ulikuwa umeonyesha kwamba dawa huzuia kiharusi, lakini wagonjwa wengi hawakujua kuwa wanaumwa.

Elimu ilizaa matunda. Katika uchunguzi wa 1976 hadi 1980, takriban nusu ya wenye presha walijua hali zao. Kufikia 1991 walikuwa 73 kati ya kila 100. Hata hivyo, waliofanikiwa kuishusha chini ya 140/90 walikuwa 29 tu. Kujua ni jambo moja, kufuata matibabu ni jambo lingine.

Pengo hilo linazibika huduma inapomfuata mgonjwa alipo. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti uliowahusisha wanaume weusi katika vinyozi 52 vya Los Angeles. Wafamasia waliwafuata huko huko wanakonyolewa, wakawapima na kuwapa dawa kwa makubaliano na madaktari wao. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya presha yao ilishuka kwa wastani wa 27. Kwa wale walioshauriwa tu na kinyozi waende kwa daktari, ilishuka kwa takriban 9.

Nyumbani pia, familia inaweza kusaidia:

• Kabla ya kupima, mgonjwa akae kimya dakika tano, ameegemea kiti, miguu ikigusa sakafu na mkono ukiwa usawa wa moyo.

• Namba ziandikwe kwenye daftari na kupelekwa kliniki.

• Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima.

• Dawa zikileta kizunguzungu au kikohozi, amweleze daktari ambadilishie. Asiziache kimya kimya.

Mwenye presha iliyoshuka hajapona. Dawa zinafanya kazi yake.